Ukuta wa jiko unamwaga chumvi, na fundi anataka kuufunika kwa saruji

Swali

Assalamu alaikum. Tumerithi nyumba ya ghorofa moja Kiponda, Mji Mkongwe, Zanzibar, kutoka kwa marehemu bibi yetu. Anayekaa humo ni mimi na familia yangu. Kaka yangu yuko Muscat, na yeye ndiye anayetuma fedha za matengenezo. Tumeamua kuanza na jiko.

Jiko liko ghorofani, upana mita 2.7, urefu mita 4. Chini yake ni stoo. Sinki liko kwenye ukuta mrefu unaotazama nje. Zamani ukuta huo ulipigwa lipu ya saruji na kupakwa rangi ya mafuta. Sasa lipu imevimba, ukiigonga inalia mtupu, na kila asubuhi nafagia unga mweupe wenye ladha ya chumvi. Ukuta wa pili ndipo bibi alipokuwa akipikia kuni, na hata tupake rangi mara ngapi, madoa ya kahawia yanarudi. Kule stoo, boriti mbili zilizo chini ya sinki zimekuwa nyeusi kwenye ncha zinazoingia ukutani. Soketi ni mbili tu, moja iko karibu na koki ya maji. Friji, birika na blenda zote zinaunganishwa kwa waya wa kurefusha. Mtungi wa gesi wa kilo 15 uko chini ya kaunta, nyuma ya mlango wa kabati.

Fundi anapendekeza hivi: abandue lipu, apige saruji mpya yenye dawa ya kuzuia maji, kisha abandike marumaru kutoka chini mpaka juu. Sakafuni amwage zege la sentimita 5 na marumaru. Kaunta iwe ya zege. Boriti zipakwe dawa na kufunikwa kwa siling bodi. Halafu simtanki la lita 1,000 liwekwe juu ya dari ili tuache kuhangaika na maji. Kasema wiki tatu anamaliza. Kaka ameridhika. Mimi roho inasita, lakini sina hoja ya kumwambia fundi mzima. Nifanyeje?

*Msomaji, Kiponda*

Jibu

Wa alaikum salaam, dada yetu. Roho yako inasita kwa haki. Katika mapendekezo ya fundi, tunalolikubali ni moja tu, la kubandua lipu ile. Mengine yote yanaongeza uzito au yanafungia maji ndani, na nyumba yako haistahimili hata kimoja kati ya hivyo. Msimamishe kwa adabu, umpe hoja hizi, na umtumie kaka nakala.

Tuanze na ukuta. Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na udongo, na kuta zake nyingi zina unene wa sentimita 50 au zaidi. Ukuta wa namna hii hunywa maji ya mvua na mvuke wa jikoni, kisha huyatoa polepole kupitia chokaa pale upepo unapoupiga. Chumvi imo ndani tangu siku ya kwanza, kwa sababu jiwe lenyewe limetoka baharini na mchanga wa pwani haukuoshwa kila mara. Maji yakitoka huja na chumvi hadi usoni mwa ukuta, na kwenye lipu ya chokaa hutoka kama unga, ukafagiwa, basi. Saruji na rangi ya mafuta zimeifunga njia hiyo. Maji yanabaki nyuma ya lipu, chumvi inaganda hapo hapo, na punje zake zinapokua huisukuma lipu mpaka iachane na jiwe. Ule mlio mtupu unaousikia ndio nafasi iliyobaki kati yao.

Saruji yenye dawa itafanya kazi ile ile kwa nguvu zaidi. Itapendeza msimu mmoja au miwili, kisha itavimba tena, na safari hii itabanduka pamoja na marumaru na vipande vya matumbawe, kwa kuwa saruji ni ngumu kuliko jiwe inaloshikilia. Kabla ya hapo maji yaliyokosa pa kutokea yatatafuta pengine, na mahali pa karibu ni ncha za boriti.

Sasa, maji yanatoka wapi? Usiruhusu mtu kushika mwiko kabla hujajibu swali hili. Jaza sinki, tia rangi nyekundu ya chakula, vuta kizibo, kisha shuka stoo na tochi na uangalie ncha za boriti na ukuta kwa nusu saa. Ukiona wekundu, bomba la maji machafu limepasuka au limeachia kwenye kiungo. Usiku, funga koki zote na usome mita; ikiwa imesogea asubuhi, linalovuja ni bomba la maji safi. Kama huna mita, jaza tangi mnalotumia sasa, funga maji yanayoingia, weka alama ya kalamu kwenye usawa wa maji, na uangalie alfajiri. Mvua ikinyesha, tazama mfereji wa paa ulio juu ya jiko: ukiwa umeziba au umepinda, maji yote ya paa hushuka kwenye ukuta huo mmoja.

Lipu ikishabanduliwa, bandika kipande cha nailoni cha sentimita 30 kwa 30 kwenye jiwe tupu, uzibe kingo zote kwa utepe, na ukiache siku mbili. Matone yakiwa upande wa ukutani, unyevu unatoka ndani ya ukuta. Yakiwa upande wa chumbani, ni mvuke wa kupikia, na dawa yake ni hewa. Jiko la ukubwa wako linataka feni ya kutoa moshi ya mita za ujazo 350 kwa saa hivi, ifungwe kwenye dirisha lililopo pasipo kutoboa ukuta. Jambo moja usilishangae: chumvi ya kawaida huanza kunyonya maji kutoka hewani unyevu wa hewa ukipita takriban asilimia 75, na pwani yetu hufika huko mara nyingi. Kwa hiyo wakati wa masika ukuta unaweza kuonekana umelowa hata kama hakuna kinachovuja.

Boriti ndizo zinazotutia wasiwasi kuliko yote. Chukua bisibisi bapa, uisukume kwa mkono kwenye boriti, ukianzia pale inapoingia ukutani na kwenda sentimita 30 nje. Boriti hizi ni miti ya mkoko, na mkoko mzima hukataa baada ya milimita chache. Bisibisi ikizama sentimita 2 au 3 bila ubishi, boriti hiyo imeoza, na ndani ya ukuta ambako huoni hali ni mbaya zaidi. Pima zote za jiko, usiishie kwenye zile mbili nyeusi. Dawa huua mchwa na ukungu, lakini hairudishi nguvu ya mti ulioliwa. Na siling bodi itakuzibia macho na kuzinyima boriti hewa kwa wakati mmoja.

Kabla ya kugusa lolote ghorofani, stoo iwekwe nguzo za muda: mistari miwili, kila mmoja nusu mita hivi kutoka ukuta unaobeba ncha za boriti, na ubao mnene chini na juu ili uzito usikusanyike kwenye nukta moja. Boriti zibadilishwe moja moja. Kila mpya ikae ukutani angalau sentimita 20, juu ya jiwe bapa, na iachiwe nafasi ya sentimita moja au mbili kuzunguka ncha yake ipumue. Waashi wengi hushindilia saruji kwenye tundu hilo, na huko ndiko kuoza kunakoanzia upya. Mikoko haikatwi bila kibali, hivyo nunua boriti kwa muuzaji mwenye karatasi zake, au tumia mbao ngumu iliyotiwa dawa. Unene wa mbao uhesabiwe na mhandisi, maana kinachobebwa ni boriti, mawe na zege la chokaa, na sakafu ya aina hiyo ni nzito hata kabla hujaweka sufuria.

Kuhusu uzito, piga hesabu na fundi akiwa amekaa mbele yako. Zege la sentimita 5 kwenye mita za mraba 10.8 ni zaidi ya tani moja, marumaru bado. Kaunta ya zege yenye urefu wa mita 3, upana sentimita 60 na unene sentimita 8 ni kilo 345 hivi, bila miguu yake ya matofali. Simtanki la lita 1,000 likijaa ni tani nzima. Jumla inapita tani mbili na nusu, juu ya miti ya mkoko ambayo miwili yake tayari ina ugonjwa. Vyumba vya nyumba hizi ni vyembamba kwa sababu boriti haivuki zaidi ya mita tatu hivi. Waliojenga walijua mpaka wa mti wao.

Tangi likae chini uani, juu ya msingi wake, lenye pampu ndogo ya nusu hospawa. Mkitaka akiba juu kwa siku za kukatika umeme, lita 100 au 200 zinatosha, na ziwekwe kwenye kona pale kuta mbili zinapokutana, juu ya mihimili inayokaa ukutani kwenyewe, wala si katikati ya dari.

Sakafu ijaribiwe hivi: weka beseni la maji katikati, mtu mzima atembee kandokando. Maji yakitikisika sana, sakafu inacheza, na marumaru yoyote yatapasuka kwenye viungo ndani ya mwaka. Hapo ni bora kukarabati sakafu iliyopo na kuiacha. Ikiwa imetulia baada ya boriti kurekebishwa, marumaru yanaweza kubandikwa moja kwa moja kwa gundi yake ya milimita 3 hadi 5, bila zege chini. Mzigo wake hautazidi kilo 30 hivi kwa mita ya mraba.

Kaunta iundwe kwa fremu ya mbao ngumu au ya chuma cha mraba kilichopakwa rangi ya kuzuia kutu, kwa urefu wa sentimita 85 hadi 90 kutoka sakafuni. Iwekwe kando ya ukuta mrefu, kwa sababu hapo uzito unaangukia karibu na ncha za boriti na si tumboni. Graniti ya sentimita 2 ina kilo 55 kwa mita ya mraba, kwa hiyo kaunta yako nzima itakuwa na jiwe la kilo 100 tu. Bati la chuma kisichoshika kutu ni jepesi zaidi.

Turudi kwenye ukuta, kwa sababu hapa ndipo kazi nzuri inapoharibikia. Lipu ya saruji ibanduliwe kwa tindo na nyundo ndogo, kutoka juu kwenda chini, bila mashine ya kutikisa. Viungo vya mawe vilivyolegea vikwanguliwe sentimita 2 ndani. Chumvi ifagiwe kwa brashi kavu na ibebwe nje kwa ndoo. Msiuoshe ukuta, maji yatairudisha ndani. Kisha uacheni upumue kwa wiki sita hadi nane, madirisha wazi. Ukuta wa unene huo hautakauka wote kwa muda huo, lakini utakuwa umetema sehemu kubwa ya chumvi ya usoni, na kila unga unaoutoka ufagiwe.

Ule ukuta wa masizi ukwanguliwe mpaka kwenye jiwe. Lami ya moshi imeingia ndani ya lipu, na kila unyevu unapopita huiyeyusha na kuileta juu, ndiyo maana rangi hailishindi doa hilo.

Lipu mpya ni chokaa moja kwa mchanga tatu, kwa kipimo cha karai lile lile. Kwa ukuta mmoja wa mita 4 kwa 3, wenye mashimo ya kawaida ya matumbawe, andaa ndoo 20 za mchanga na ndoo 7 za chokaa iliyolowekwa, ndoo ya lita 20. Chokaa ya mfuko inatosha, mifuko minne au mitano ya kilo 25, lakini iloweke kwenye pipa kwa wiki moja au zaidi mpaka iwe kama siagi. Kadiri inavyokaa ndivyo inavyoshika vizuri. Mchanga uwe wa shimo, wenye punje kali, uliochujwa, na usiwe wa ufukweni kabisa. Tia mchanga na maji kwenye chupa ya kioo, tikisa, acha utulie: tope lililokaa juu likizidi sehemu moja ya kumi ya mchanga, uoshwe. Kandokando ya sinki ongeza nusu kipimo cha unga wa matofali ya kuchoma, unasaidia chokaa kushika penye maji. Fundi akisema "tutie saruji kidogo tu ishike upesi", kataa. Na wanaochanganya wavae miwani na glavu. Chokaa ikiingia jichoni, osha kwa maji safi mengi papo hapo na uende hospitali.

Nyunyiza ukuta maji kidogo tu kabla ya kupiga. Kwanza jazeni mashimo kwa chokaa na vipande vya mawe, msubiri wiki. Kisha tabaka la sentimita 1, wiki nyingine, halafu tabaka la mwisho la nusu sentimita. Chokaa hukomaa kwa kuvuta hewa huku ikiwa na unyevu kiasi, hivyo ning'inizeni magunia mabichi mbele yake na mnyunyize asubuhi na jioni kwa siku saba. Ikikaushwa na upepo wa siku moja itapasuka nyufa kama utando wa buibui na kubaki unga. Baada ya mwezi, paka chokaa nyepesi kama maziwa, mara nne au tano, kwa brashi. Rangi ya mafuta na ya plastiki zisiingie tena.

Marumaru unaweza kuwa nayo nyuma ya sinki na ya jiko, sentimita 60 juu ya kaunta. Lakini yabandikwe kwenye ubao wa saruji uliofungwa juu ya fito zilizotiwa dawa, ukiacha sentimita 2 au 3 kati ya ubao na ukuta, wazi chini na juu. Nyuma ya makabati acha nafasi kama hiyo.

Mabomba yapite nje ya ukuta kwa klipu. Ukichimba matumbawe kuyaficha, utajua limevuja siku boriti nyingine itakapogeuka nyeusi. Bomba la sinki liwe la inchi moja na nusu, lenye mteremko wa sentimita 2.5 kwa kila mita, mtego wa maji chini ya sinki, na mtego wa mafuta chini uani kabla ya kuingia kwenye mfumo wa maji machafu. Jaribuni kwa saa 24 kabla ya kabati kufungwa.

Umeme usiunganishwe kwenye nyaya za zamani. Soketi za jiko ziwe na waya wao wa milimita za mraba 2.5 na kikatio cha ampia 20. Jiko la umeme, kama litakuwapo, liwe na waya wa 6 na ampia 32 peke yake. Kuwe na waya wa ardhi uliopimwa, na kifaa cha miliampia 30 kinachokata umeme unapovuja. Soketi ikae mita moja kutoka sinki. Ile iliyo karibu na koki iondolewe leo, usingoje ukarabati.

Na mtungi wa gesi utoke kabatini leo pia. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hukaa chini na hupenya kwenye matundu ya sakafu mpaka stoo, ambako cheche moja ya swichi inatosha. Ukae wima roshani au mahali penye tundu la hewa usawa wa sakafu, mpira usizidi mita moja na nusu, na viungo vipimwe kwa povu la sabuni kila unapobadilisha mtungi.

Mji Mkongwe ni urithi wa dunia tangu mwaka 2000, na matengenezo kama haya yanataka kibali cha Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe. Peleka mchoro wa jiko na picha za boriti, na uombe mkaguzi aje azione kabla hazijaguswa. Jirani mnayechangia naye ukuta aambiwe mapema.

Wiki tatu hazitoshi. Ombeni kibali wakati wa masika, anzeni mwezi wa Juni mvua ikishakatika, boriti na mabomba vifanywe ukuta ukiwa unakauka, lipu ifuate, na mtapika kwenye jiko jipya kabla ya mvua za vuli au vuli zikianza. Wakati huo wote pikieni uani, na stoo yenye nguzo isiingiwe na watoto. Kaka atume fedha kwa mafungu: boriti na mabomba kwanza, umeme na lipu pili, kaunta na marumaru mwisho, na fungu lisitoke kabla la nyuma yake halijakaguliwa. Mwaka wa kwanza chumvi itatokeza tena sehemu mbili tatu za lipu mpya. Fagia kwa brashi kavu, na pakibomoka pakwanguliwe na kupigwa chokaa hapo tu.